Alama Ishirini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Wamejibu wale wa kliniki! Barua ya tatu imewagusa penyewe. Niliwaambia wazi: fomu yenu ya kupima afya ya akili ni matusi kwa watu wetu. "Je, umejisikia chini?" Chini ya nini — ya meza? Mtu kavuka mipaka mitatu, hajalala wiki nzima, halafu mnampa Kiswahili cha mashine!
Nesi mkuu wa kliniki kanipigia mwenyewe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Eti basi mama, badala ya kututukana kila mwezi, njoo utuandikie. Maswali kumi na mawili. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano.
Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Miaka kumi na tisa nawagombeza watu wa hapa ugenini kwa lugha yao, magazetini na redioni. Sasa wataona.

Jumatano, 6 Machi
Siku nzima, maswali manne tu. Kamusi inasema "sonona". Nani kwetu amewahi kumwambia jirani, mwenzio nasonona? Watu husema mwili mzito. Mawazo mengi. Chakula hakipiti.
Nimempigia kaka, nyumbani. Marehemu mama alikuwa akisemaje zile siku zake za kujifungia chumbani? Akacheka. "Mama? Si alikuwa anasema leo hana kazi na watu!"
Swali la tano hilo! Kuna siku unaona huna kazi na watu?
Kisha akauliza, "Na wewe mdogo wangu, unakula?" Nikamgeuzia habari za uchaguzi. Tukabishana mpaka simu ikakatika.

Ijumaa, 8 Machi
Binti yangu kapita kuchukua koti lake. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu kwa lugha ya hapa. Ndiyo mkataba wetu. Kasema mimi ni watu wawili: wa lugha ya hapa anapigana na kila mtu, hata redio, wa Kiswahili alikuwa anachekesha, lakini siku hizi hasikiki tena.
Nimemwambia aache udaktari wa mitandaoni. Kaondoka. Koti kaliacha.

Jumanne, 12 Machi
Nimemaliza. Kazi safi, najisifu mwenyewe, nani mwingine atanisifu?
Kuna sharti moja la kipuuzi: mfasiri lazima aijaze fomu yeye mwenyewe, kwa kweli, katika lugha zote mbili, siku mbili tofauti. Karatasi zote mbili ziambatanishwe.
Leo nimejaza ya lugha ya hapa. Dakika tatu. Alama mbili kati ya thelathini na sita. Buheri wa afya!

Jumatano, 13 Machi
Ishirini na saba.
Ya Kiswahili hiyo. Nimejumlisha mara tatu. Ishirini na saba.
Mwongozo wao unasema kuanzia ishirini, mtu haruhusiwi kuondoka kabla ya kuonana na daktari siku hiyo hiyo.
Swali la tano nililijaza bila kufikiri: karibu kila siku. La nane — unawaficha watu wako hali yako? — karibu kila siku. Nani kaandika maswali haya makali? Mimi!
Kosa liko kwenye tafsiri. Nimetia chumvi. Lazima nilegeze.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelegeza. "Huna kazi na watu" sasa ni "hupendelei mikusanyiko". "Unawaficha watu wako" nimeifuta kabisa, nimeweka kitu kuhusu mawasiliano. Nikajaza upya. Alama nne. Nikashangilia, peke yangu, jikoni.
Halafu nikaisoma kwa sauti. Hata mama, mlango kaufunga kwa komeo, angepata nne. Angepewa pole na kurudishwa nyumbani.
Nimechapisha zote mbili, kali na laini. Simu ya kaka imelia mara mbili. Sikupokea.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Nesi yuko ndani, anapiga simu. Kasema dakika tano.
Nimempa ile fomu kali, isiyojazwa. Mkono uliitoa wenyewe, basi. Papo hapo akamwita dada anayepiga deki korido, mtu wa lugha yetu, aijaribu. Dada kaegemeza mopu ukutani, kasoma, kalamu haijagusa karatasi. Akanigeukia.
"Haya kaandika nani? Huyu mtu ananijua?"
Nikasema mimi.
"Wewe ndiye yule wa redioni? Unayefoka?" Akacheka, akafuta macho kwa mkono wa glovu. "Mungu wangu. Mimi nilidhani wewe huna shida."
Kisha akajaza. Polepole, bila kuruka hata moja. Kapata ishirini na mbili. Kamwonyesha nesi mwenyewe, na ndiyo hiyo simu nesi anayopiga — kwa daktari wa zamu ya leo.
Nesi anataka na karatasi zangu. Mkobani ninazo tatu: ya mbili, ya nne, ya ishirini na saba.
Dada kakaa karibu yangu. Anavua glovu, kidole kimoja kimoja. Najifanya naandika. Naandika kweli.
"Dada," ananiambia, "na wewe si ulijaza? Ulipata ngapi?"
Mlango unafunguka, nesi anatoka. Wote wawili wananitazama, na mimi naacha kuandika hapa, natoa mkobani ile ya ishirini na saba.