Samaki Aliyeruhusiwa Kwenda kwa Mama

Ijumaa, Jeddah

Hata kulia nimeshindwa.

Leo baba, ndivyo ninavyomwita mwajiri wangu, alitupeleka sote gatini kuvua samaki, kabla joto kali halijaanza. Alikuwa na furaha, nikajipa moyo. Nikiwa nawamenyea watoto wake machungwa, nikamwambia tena: mkataba wangu uliisha, na mama yangu ni mgonjwa kule Kitui. Naomba aniachie niende.

Alikuwa ameinama, anahangaika na ndoano. Kisha akasema kwa upole, "Halas, yalla, ruh inda ummak."

Basi, haya, nenda kwa mama yako!

Nikapiga magoti pale pale. "Shukran, baba! Mungu akubariki!"

Madam alicheka hadi akashika mbavu. Baba akageuka, akanionyesha kisamaki kidogo kiganjani. Alikuwa akiongea nacho. Akakirudisha majini, kikaenda zake. Halafu akaniagiza chai.

Mimi mjinga. Miaka miwili hapa na bado nilisahau: ruh, yaani nenda, huambiwa mwanamume. Mwanamke ni ruhi.

Na hiyo ruhi naisikia kutwa. Ruhi jikoni. Ruhi ukafue. Ruhi kwa mama yako, hiyo ndiyo sijaambiwa.