Saa Tano ya Mama au Saa Tano ya Karani?

Mpendwa Bi Miza,

Naomba msaada wako kwa jambo ambalo wengine wataliona la mchezo, maana mtu aliyefungwa kwa sababu yangu hayupo duniani na hajawahi kuwapo, lakini limeniondolea raha tangu mwezi wa pili, na sasa hata kalamu naiona nzito.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sabini na mmoja, nakaa Bwiza, naitwa Népomuscène, na jina langu usilibadilishe wala ya wenzangu usiyabadilishe, kwa kuwa hata ukituita kwa majina ya mitume Bwiza nzima itatujua kabla ya adhana ya adhuhuri. Miaka kumi na tisa iliyopita niliandika riwaya ya upelelezi iitwayo Saa ya Sonara, kitabu chembamba chenye karatasi mbaya, na mimi mwenyewe nilidhani kingeishia kufungia karanga, lakini watu walikipenda, na hawakukipendea kisa, walikipendea wapelelezi wangu wawili: Komisari Musafiri, mtu mpole asiyepaza sauti, ambaye kabla ya kuuliza swali huvua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai, na Bi Marwa, fundi cherehani, mjane mwenye ulimi, ambaye humjua mtu kwa kutazama pindo la nguo yake. Hadi leo napita mtaani nasikia mtu anamwambia mwenzake maneno ya Marwa: "Komisari, mutu wa kushona kifungo na uzi mweusi kwa shati nyeupe, huyo hana muke," na mwingine anamjibu kwa maneno ya Musafiri: "Ao hana uzi mweupe, Marwa. Tuulize kwanza."

Komisari Musafiri sikumtoa hewani, nilimtoa kwa rafiki yangu Zénon, aliyekuwa karani wa mahakama, na miwani ni yake, na tai ni yake, na ule upole ni wake, na kitabu kilipotoka watu walimtambua siku ile ile wakaanza kumwita Komisari, naye aliyekuwa amezoea kuitwa "we karani" akawa mtu wa kuachiwa kiti. Sasa ni mjane, watoto wako mbali, anakaa Musaga, na kila Jumamosi anapanda basi kuja Bwiza tunywe chai, na anaposhuka tu wauza vocha wanapiga saluti, "Komisari, mambo!", na mimi namwona anavyonyoosha mgongo. Nadhani jina lile ndilo lililobaki linalomwamsha asubuhi. Tukipanga kukutana huniuliza kwa utani wetu wa miaka kumi na tisa: "Mwalimu, saa tano ya mama ao saa tano ya karani?" na mimi humjibu, "Ya mama," tunacheka, na huwa nadhani anamkumbuka marehemu mama yake, ambaye hakujua saa nyingine isipokuwa ya jua.

Mwaka huu mchapishaji mmoja ameomba kitabu cha pili chenye wapelelezi wale wale, naye anataka kukichapa cha kwanza upya, na juu ya jalada ataandika "Komisari asiyekosea." Nilifurahi, nikakubali, nikaalikwa kwenye maktaba moja ndogo kusoma kurasa chache mbele ya watu, na hapo ndipo nilipokamatika.

Alisimama mama mmoja, baadaye nilijua anaitwa Adélaïde na anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni Cibitoke, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, mi niko na swali. Yule mama wa ndagala kwa kitabu, alisema alimwona Moosa anatoka kwa duka saa tano, yeye anafunika samaki. Ni vile?"

Nikasema ni vile.

"Sasa Komisari alitoa wapi jioni?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema, "Apana, mwalimu, usicheke. Saa tano jua liko kwa kichwa, tunafunika. Jioni watu wanatoka kazini, tunafunua, la sivyo nani atanunua? Yule mama alisema mchana. Basi Moosa ako gerezani bure."

Naomba nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji wako ambao hawakukisoma. Katika kitabu, sonara Azzan anakutwa amekufa dukani jua likikaribia kuzama, na daktari anasema ameuawa muda usiozidi saa moja uliopita. Moosa ni fundi saa aliyekuwa na meza yake kwenye baraza ya duka hilo, na walikuwa wamegombana juu ya baraza. Mama wa ndagala anasema alimwona Moosa akitoka "saa tano", na Komisari, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, anaandika tarakimu tano, na kwa tano ya Wafaransa hiyo ni saa kumi na moja ya jioni, yaani wakati ule ule wa mauaji. Kwetu siku huanza jua linapochomoza, kwao huanza katikati ya usiku, kwa hiyo tano yetu ni kumi na moja yao, na tano yao ni kumi na moja yetu, nambari mbili zinazobadilishana makoti. Na wala si Komisari aliyekosea, Bi Miza, ni mimi, maana nilipopanga hadithi nilimsikia mama yule kichwani akisema saa tano kwa Kiswahili cha sokoni, na mkono wangu, uliofundisha kwa Kifaransa miaka thelathini, ukaandika daftarini "shahidi, saa 5", na miezi minane baadaye nilipofika sura ya mwisho nikaisoma tarakimu ile kwa macho ya darasani. Moosa, saa tano ya mchana, alikuwa anakwenda kuswali, kwa maana ilikuwa Ijumaa, hata hilo niliandika mwenyewe ukurasa wa kumi na mbili. Na kwenye ukurasa wa mwisho, anapopandishwa gari, anamwambia Musafiri, "Komisari, uliza tena," nami niliyaandika yale kama maneno ya muuaji asiyetubu.

Siku ile maktabani niliona aibu nikasema uongo. Nilimwambia Adélaïde, "Mama, umegundua siri ya kitabu cha pili," na watu wakapiga makofi, na yeye akakaa ameridhika. Hakukuwa na siri yoyote. Mimi mwenyewe hadi leo sijui nani alimuua Azzan.

Mchapishaji nilipomweleza alisema, "Mzee, unasumbuka na nini? Badilisha neno moja, tano iwe kumi na moja, na pale anafunika weka anafunua. Nani atajua?" Nikifanya hivyo, Komisari atabaki asiyekosea. Nikikataa, itabidi katika kitabu cha pili Musafiri asimame mbele ya watu akiri kwamba alimfunga mtu asiye na hatia miaka kumi na tisa, na wauza vocha watamwambia nini Zénon siku hiyo anaposhuka kwenye basi? "Komisari, umefunga nani leo?" Nawajua, hawana huruma. Sijamwambia lolote. Analinunua gazeti hili kila Ijumaa na ukurasa wako huusoma wa kwanza, kabla hata ya matangazo ya vifo. Je, kwa ajili ya mzee mmoja niliyempa jina, si bora nibadilishe neno moja?

Népomuscène, Bwiza.

JIBU

Mwalimu Népomuscène,

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu mingi ya mistari hii itakayofuata haitakuwa na pole.

Umenieleza saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa vizuri kiasi kwamba nimemsomea mume wangu. Ulikuwa mwalimu mzuri, naona. Lakini mwalimu mzuri akikosea ubaoni hufuta kwa mkono wake, darasa likimwona. Wewe ulikosea, mwanafunzi akanyoosha mkono, ukamwambia lilikuwa jaribio. Mama Adélaïde ameshinda sokoni na samaki, akatenga nafasi ya kuja kukusikiliza, akakisoma kitabu chako kwa makini kuliko ulivyokiandika, ukamlipa uongo mbele ya watu. Hilo lirekebishe kwanza. Cibitoke si Ulaya. Nenda sokoni mchana, wakati wa kufunika, umwambie: "Mama, hakukuwa na siri. Nilikosea, na wewe ndiye uliyeona." Nunua na ndagala.

Pili, habari ya kubadilisha neno moja. Unajua jibu, ndiyo sababu umeniandikia mimi na hukumwandikia mchapishaji. Ukiandika "kumi na moja" utakuwa umefanya kitu ambacho Moosa hakuwahi kufanyiwa hata na Komisari wako: kutengenezewa ushahidi. Komisari alisikia vibaya tu. Wewe ungekuwa unaghushi. Na usiniambie Moosa ni wa karatasi. Musafiri naye ni wa karatasi, na kwa ajili yake umekosa raha tangu mwezi wa pili.

Sasa tuje kwa Zénon, kwa sababu hapo ndipo umenichosha. Umemshika mzee wa watu kama mwavuli. Unasema unaogopa aibu yake. Mwalimu, kalamu ilikuwa ya nani? Jina litakalokuwa juu ya jalada ni la nani? Wauza vocha watamtania Zénon siku mbili, atawajibu, watacheka naye, maana hao huwatania watu wanaowapenda. Unayeogopa kushuka kwenye basi ni wewe.

Na kuna jambo jingine. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli. Kazi yenu ni upelelezi, basi niruhusu na mimi nipeleleze kidogo.

Unasema kitabu kilitoka miaka kumi na tisa iliyopita. Unasema utani wenu wa "saa tano ya mama ao saa tano ya karani" una miaka kumi na tisa. Kabla ya kitabu, Zénon hakuwa na mama? Hakuwa karani? Mmefahamiana tangu lini, na utani huu umeanza mwaka gani? Mtu huyu amekaa mahakamani maisha yake yote ya kazi, akiandika kwa Kifaransa maneno ya mashahidi waliosema kwa Kiswahili na Kirundi. Saa tano ngapi zimepita mbele ya kalamu yake? Ni mara ngapi alivua miwani, akaifuta, akamuuliza mama wa watu, "Tano ya mchana ao ya jioni, mama?" kwa sababu alijua kwamba tarakimu moja ikikosewa mtu analala gerezani? Kisha rafiki yake anampa kitabu, na ndani yake mtu mwenye miwani yake na tai yake anasahau kuuliza swali ambalo yeye hakulisahau hata siku moja.

Mama ni yule wa ndagala, mwalimu. Karani ni yule aliyeandika tano.

Naweza kukosea, sikumwona usoni. Lakini nadhani Zénon aliona kosa lako wiki ile ile. Hakukwambia, kwa sababu ulimpa kiti, na mtu aliyepewa kiti hasemi kwamba kina mguu mbovu. Badala yake kila Jumamosi amekuuliza swali lile ambalo Komisari wako alipaswa kuuliza. Amekuuliza kwa upole, bila kupaza sauti, kama ulivyomwandika. Na wewe umekuwa ukijibu vizuri kila mara, "Ya mama," ukicheka, bila kusikia ulichojibu.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Kitabu cha kwanza kiache kama kilivyo, kosa likae mahali pake. Maneno ya "asiyekosea" yaondoe kwenye jalada, na kama mchapishaji atagoma, agome. Kitabu cha pili kina jina tayari, alikupa Moosa kwenye ukurasa wa mwisho: Uliza Tena. Acha Bi Marwa ndiye aone kosa, maana ana ulimi wa kulisema, na acha Musafiri aende mwenyewe hadi kwenye lango la gereza. Wasomaji wako hawakumpenda kwa sababu alipatia. Walimpenda kwa sababu alisema, "Tuulize kwanza." Siku moja hakuuliza. Na arudi akaulize. Nani alimuua Azzan utamjua ukifika, ukikwama mtafute Mama Adélaïde.

Ulisema nisibadilishe majina. Sikubadilisha. Ulijua vilevile kwamba Zénon husoma ukurasa huu kila Ijumaa. Ulitaka gazeti likusemee kesi yako ili wewe usifungue mdomo. Hilo nimelikataa nusu. Barua nimeitoa, kwa sababu uliomba. Lakini kukiri hakutumwi kwa posta.

Ndugu Zénon, ikiwa unasoma hapa, kesho panda basi kama kawaida, na muulize kama kawaida.

Nawe, mwalimu, akikuuliza, "Saa tano ya mama ao saa tano ya karani?" usimjibu "Ya mama." Mwambie, "Ya karani, na karani nilikuwa mimi." Kisha nyamaza. Mwache avue miwani.

Bi Miza