Ufa Juu ya Nyumba ya Mama

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na kuku wake wameanza kutaga. Jana nilizunguka ile njia fupi ya mlimani na jirani yetu anayeongoza wageni. Juu ya nyumba ya Mama ardhi imepasuka; mkono wangu ulizama hadi begani. Waongozaji wameufunika ufa kwa majani.

"Wageni wakiuona watakimbia, dada. Tutakula mawe?"

Jirani alicheka, lakini aliteremka akigeuka nyuma kila mara.

Mvua haijakatika. Leo mlango wa jikoni haufungiki kwa kuwa ukuta umeinama. Mama anasema mbao zimevimba, amemwita seremala aurande. Mimi hanisikii, wewe ndiye kitinda mimba wake. Dereva anayekuletea barua hii anarudi leo. Panda naye, uje umtoe Mama.

Dada yako