Ndoo ya Mawe Kutoka Kabwe

Sumbawanga mjini, saluni kwa Yustina

Mdogo wangu Kaspari,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana nakujua, ungeichelewesha makusudi. Hujambo? Huo mguu wako umepungua kuvimba, au bado unautumia kukwepa kuvuta nyavu? Mimi nipo. Baridi ya huku juu inaingia mpaka kwenye meno. Nalala na koti na kuamka nalo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ukiiweka sikioni Kabwe nzima inasikia.

Habari kubwa ni kwamba nimepata cheo. Mimi ndiye msimamizi wa maji hapa mjini. Nikisema ni mabaya, yanamwagwa. Nikisema ni mazuri, watu wanaendelea na shughuli zao. Kila asubuhi wasomi wanasubiri nitamke.

Najua umeshainuka kwenda kuwatangazia majirani. Kaa chini. Nimekudanganya. Maji yenyewe ni ya sanduku la kioo, linaingia ndoo nne, lipo juu ya meza kwenye saluni ya binti yangu. Ndani kuna samaki wekundu wanne waliotoka Mbeya, wote kwa pamoja hawatoshi tonge. Wasomi ni Yustina peke yake, naye ananisubiri na chanuo mdomoni. Aliwanunua ili wateja wanaosukwa wawe na cha kutazama zaidi ya migongo yao.

Kazi iko hivi. Samaki wanakunya na kukojoa humohumo, na uchafu huo unageuka sumu, wanaiita amonia. Vipo vijidudu vinavyoila, lakini sanduku likiwa jipya havipo. Vinakuja polepole, wiki baada ya wiki, na chakula chao ni uchafu wa hao hao samaki. Yaani unawahamishia watu kwenye nyumba isiyo na choo, halafu unaomba choo kijichimbe kabla hawajafa. Mimi sikubuni. Ndivyo wanavyofanya.

Mpaka choo kichimbike, lazima maji yapimwe kila siku. Nachota kidogo kwenye kichupa, nadondosha dawa, natikisa, nalinganisha rangi na kadi. Ikiwa njano, salama. Ikielekea kijani, natoa sehemu ya maji, naongeza mengine yaliyolala kwenye ndoo hadi klorini, ile dawa ya bombani, ikaisha. Mimi niliyeua samaki tangu sijaota ndevu, leo ndiye muuguzi wao.

Basi nikapima. Njano. Kesho yake njano. Kila siku njano, nami nikajisifu kwamba nina mkono mzuri. Samaki wakaanza kukaa juu juu, midomo nje ya maji, wakipapasa hewa. Yustina akauliza, "Baba, wana nini hawa?"

Nikamwambia, "Wanasali rozari. Waache wamalize."

Kumbe mmoja alimaliza kweli. Asubuhi tulimkuta ameelea ubavu.

Siku hiyo kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge, nusu ya kichwa amesukwa, nusu bado kama kichaka. Nikapima mbele yake, nikatangaza njano.

Akasema, "Babu, njano ipi? Hiyo si kijani kabisa, kama majani ya maboga!"

"Mama, wewe shughulika na kichwa chako, hakijaisha."

"Kichwa changu hakijaisha, ila macho ninayo!"

Wakacheka wote. Yustina hakucheka. Alimwaga kile kichupa, akapanga mezani chupa zake za rangi za kucha, akasema, "Baba, nionyeshe ya njano." Nikagusa moja bila wasiwasi. Akasema, "Nionyeshe nyeupe." Nikagusa nyingine. Yule mama akaacha kucheka. Nami nikajua nimefeli, maana mwanamke wa aina ile haachi kucheka hivi hivi.

Yustina alibadilisha maji mwenyewe, na tangu siku hiyo anapima yeye. Hao watatu wameshuka chini, wanaogelea. Mimi ndiye niliyepelekwa kwa daktari. Ana mikono ya baridi, akamulika, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na ndiyo yanayopaka kila kitu njano. Unakumbuka nilipokosa ukingo wa mtumbwi nikaanguka majini, ukacheka mpaka ukakaa? Nilisema ni utelezi. Haukuwa utelezi.

Wanataka kupasua, wataanza na la kulia, Alhamisi ya wiki ijayo. Yustina anasema bila hivyo sirudi Kabwe, hata kama nitatembea kwa miguu atanifuata. Daktari anasema baadaye nitaona hata fundo la wavu. Sijaogopa. Mikono tu ndiyo imeogopa, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Msalimie shemeji yangu, mkeo, ambaye amekuvumilia kuliko inavyotakiwa kisheria. Msalimie dada yetu mkubwa, mwambie koti alilonipa la marehemu mumewe linanitosha mabegani tu. Na katekista mwambie ninao samaki watatu wanaojua kusali kumshinda.

Sasa sikiliza. Aliyetuuzia sanduku anasema mawe ya kwenye maji hai kama ya ziwa letu, yale yenye utelezi, yanabeba vile vijidudu, ukiyatia ndani choo kinachimbika haraka. Okota pale tunapoanika nyavu, jaza nusu ndoo, usiyasugue, na yasikauke njiani. Usimpe kondakta wa basi, atayamwaga apate pa kuweka miguu. Uyalete mwenyewe, ufike Jumatano.

Una deni langu. Ulipong'olewa jino Namanyere nilikushika kichwa, ukamwita mama kwa sauti ambayo hata ng'ombe walisikia, nami nikawaambia watu kwamba aliyelia ni mgonjwa wa chumba cha pili. Mpaka leo wanaamini.

Alhamisi utakaa karibu nami, upande wa kulia. Ukiulizwa, sema umeleta mawe.

Kaka yako,
Desideri