Maziwa Si Dawa ya Gesi

Mzee Mutwiri,

Tangu tukuzike nimekuwa nikikuuliza maswali kichwani, kama vile bado uko karakana unanijibu huku umeshika spana. Leo nimeamua kuandika, maana swali moja limeninyima raha.

Wiki jana bomba la amonia lilipasuka kwenye stoo ya baridi. Hakuna aliyekufa, nakwambia mapema usianze kuhangaika huko uliko. Harufu ilitukaba, watu wakakimbilia getini, kule kule upepo ulikokuwa ukiisukuma gesi! Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Juu, upepo unakotoka! Kwenye shamba la ngano!" Wakanifuata, wengine wakinitukana.

Kathure, yule wa kufungasha maharagwe, alitolewa akikohoa, pumzi inakuja kwa shida. Na unawajua watu wetu wa Timau. Mama wa jikoni alishafika na jagi la maziwa. "Mpe anywe, Kendi! Itamaliza sumu!" Mzee, nilitaka kumpa. Mkono wangu ulishagusa jagi, maana hata mama yangu angefanya hivyo. Ndipo nikakumbuka ukali wako: "Maziwa si dawa ya gesi. Asiyeweza kupumua asinyweshwe kitu." Nikamwosha macho kwa maji, tukamkalisha penye hewa safi, tukangoja ambulensi. Yule mama akaniita muuaji mbele ya watu. Iliniuma sana.

Kathure alitoka hospitali jana.

Sasa, ulijuaje? Ulikuwa fundi wa mabomba, si daktari, na yote ulitufundisha kwa utani isipokuwa hilo. Jumapili nikaenda kumuuliza mkeo. Alimenya viazi vitatu kabla ya kunijibu. Akasema kwenye kiwanda cha kwanza ulichofanyia kazi gesi ilivuja, na wewe ndiye uliyemnywesha rafiki yako maziwa. Yakampalia. Akafia mikononi mwako.

Miaka sita tulikunywa chai pamoja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yako ilikuwa ya rangi.

Kesho nafundisha wafanyakazi wapya. Yule mama wa jikoni nimemwomba akae mbele. Nitawaambia ulichokosea, kwa jina lako, kwa sababu kanuni tupu huingia sikio hili ikatokea lile. Najua ungeona haya. Nisamehe. Mkeo amekubali, ila akaniomba nimtaje na rafiki yako, kwamba aliitwa Kirimi na alipenda kuimba kazini.

Pumzika, Mzee wangu. Nitaanza na Kirimi.

Kendi