Kicheko cha Kishiwa

Ruhembe, 6 Mei 2025

Mwanangu Kishiwa,

Hujambo? Sisi wazima, kiuno cha mama yako kimepoa. Naandika maana kwenye simu naishia salamu tu.

Jumapili nilikuja Mikumi kukuona ukicheza. Ulipoitwa kupiga penalti ya mwisho, roho yangu ilikuwa juu juu. Wewe ukaweka mpira, ukamcheka kipa, ukatingisha kiuno, ukafunga! Nilishangilia mpaka kofia ikaanguka. Ila mzee Bonifas, jirani yetu, akaniambia, "Mhoja, binti yako ana dharau. Siku akikosa watamzomea mpaka nyumbani." Mwanangu, fainali upige umetulia. Acha kucheka.

Baba yako


Kilosa, 11 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, goti tu limechubuka. Mama naye shikamoo yake.

Si dharau, baba. Nikiweka mpira chini na uwanja ukanyamaza, furaha inanijaa, kicheko kinatoka chenyewe. Hata yule kipa alicheka. Sijui kuogopa pale. Lakini umesema wewe, basi nitaacha.

Mwanao


Ruhembe, 24 Juni 2025

Kishiwa mama,

Unaendeleaje? Simu hupokei, mama yako hata usingizi hapati.

Nilikuwepo Morogoro kwenye fainali, sikukuambia. Ulisimama mbele ya ule mpira kama mtu anayesomewa kesi, uso mkavu. Nikajua kabla hujapiga kwamba kipa ataudaka. Nikapaza sauti, "Cheka, mwanangu!" Kwa zile kelele nani angesikia? Kombe silitaki. Nilikosea kukuambia vile. Cheka utakavyo.

Baba yako


Kilosa, 13 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Afya nzuri. Nisamehe kwa ukimya.

Usijilaumu, makipa wanadaka penalti kila siku. Nilijaribu kucheka mazoezini kama ulivyosema. Joha, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza, "We Kishiwa, unacheka nini?" Nikaacha kucheka. Zamani hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa nikiweka mpira chini nawaza nitakosa vipi, na watasema nini.

Jana tulipata penalti. Kocha akaniita, nikamwambia ampe Joha. Joha alipouchukua ule mpira nikasikia nafuu, baba. Nikaenda kusimama mbali, nikalia kwa sababu ya ile nafuu.

Mwanao,
Kishiwa