Kidonda Changu Katika Daftari Lako

Changamwe, 9 Agosti 1947

Kwa Mbeyu, nesi wa madaftari,

Salamu nyingi. Tangu ulipoitwa kisiwani kueleza hesabu zako za vidonda, wodi imepooza na uji umezidi maji. Mimi ni mzima, na uzuri wangu ni ule ule.

Nasikia daktari amekuuliza mbona wote uliowaosha vidonda kwa maji ya chumvi wamepata nafuu, isipokuwa mimi Lewa. Ukikosa jibu utanyang'anywa daftari, urudi kufua shuka. Basi jibu ninalo mimi.

Kila asubuhi ulikuja kupima vidonda vyetu kwa kuvichora kwenye karatasi. Changu ulikipima upesi upesi. Cha Ngala, mwenye miguu ya korongo, ulikipima hata uji ukapoa, na kicheko juu! Nikaona nikipona nitaondoka, nimwachie yeye uwanja. Kwa hiyo kila ulipotoka nilikikwangua kidonda changu kwa kucha.

Chumvi yako haina kosa, Mbeyu. Jana nimekiri mbele ya wodi nzima. Bibi mkubwa wa manesi akafoka, "Wewe Lewa! Umemharibia binti wa watu kazi ya miezi miwili!" Amemwandikia daktari, kisha akanifunga bandeji mikono yote miwili.

Ndiyo maana barua hii naisema tu, na anayeiandika ni Ngala, maana humu ndiye pekee aliyesoma kunishinda. Nimemtaka anisomee mara tatu, asije akapenyeza salamu zake.

Wako, wala huna mwingine,
Lewa